Jina Lililo Chini ya Sanamu: "Mtu wa Mashariki" katika Shaba ya Ulaya

Utangulizi

Katika karne ya 19 wasanii wengi wa Ulaya walivutiwa na nchi walizoziita Mashariki. Neno hilo halikufuata dira. Algeria na Moroko, ambazo ziko kusini mwa Ulaya, zilihesabiwa kuwa Mashariki sawa na Misri, Uturuki na Uarabuni. Mwafrika mweusi aliyevaa kanzu na kilemba naye aliwekwa humo humo. Mkondo huu wa sanaa huitwa uorientali. Wanafunzi wengi wanaujua kupitia michoro ya rangi, hasa kwa sababu ya kitabu cha Edward Said, Orientalism, kilichotoka mwaka 1978 kikiwa na mchoro wa Jean-Léon Gérôme kwenye jalada lake. Sanamu za shaba za mkondo huohuo hatuzisomi sana, ingawa zilienea katika majumba ya wafalme, makumbusho na sebule za watu wa kawaida.

Insha hii inachunguza sanamu hizo katika miji mitatu: Paris, Vienna na Tervuren, mji mdogo ulio karibu na Brussels. Hoja yake ni kwamba kutengeneza sanamu ya mtu ni kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuunda sura, na ya pili ni kuipa sura hiyo jina. Kazi ya kwanza mara nyingi ilifanywa kwa ustadi mkubwa na hata kwa heshima. Katika kazi ya pili, mtu mwenye jina lake aligeuzwa kuwa "aina" ya watu, na aina hiyo ikaja kushtakiwa na kuhukumiwa bila kupewa nafasi ya kujitetea. Kwa sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi za Maziwa Makuu jambo hili si geni, kwa sababu mmoja wa waliohukumiwa hivyo ni mtu aliyetuletea lugha hii.

Shaba na nakala zake

Kabla ya kuwataja wasanii, ni vizuri kueleza jinsi sanamu hizi zinavyotengenezwa. Sanamu ya shaba haichongwi kama kinyago cha mpingo. Msanii hufinyanga kwanza umbo kwa udongo, kisha umbo hilo hutolewa kwa plasta. Kutokana na plasta hutengenezwa kalibu ya mchanga maalumu, au kalibu ya kuzungushia nta, na ndani yake mafundi husubu shaba iliyochanganywa na bati. Shaba ikipoa, kalibu huondolewa, na sanamu husuguliwa, hupakwa dawa za kubadili rangi, na mara nyingine hutiwa fedha au dhahabu juu.

Njia hii ina matokeo mawili muhimu kwa mwanahistoria. La kwanza ni kwamba shaba hudumu. Haipasuki kama udongo wala hailiwi na mchwa. La pili ni kwamba plasta moja inaweza kuzaa nakala nyingi. Mwaka 1838 Ferdinand Barbedienne wa Paris alishirikiana na Achille Collas, aliyevumbua mashine ya kupunguza ukubwa wa sanamu bila kuharibu vipimo vyake. Tangu hapo sanamu iliyoonekana katika jumba la maonyesho iliweza kupatikana kwa kimo cha kuweka juu ya meza. Nakala zilipoongezeka, kila mnunuzi, makumbusho au mfanyabiashara aliweza kuandika maneno yake chini ya sura ileile. Sura ilibaki, jina likabadilika.

Paris, 1848: mtu mwenye jina

Charles Cordier alizaliwa Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1827, na akasomea uchongaji kwa François Rude mjini Paris. Huko alikutana na Seïd Enkess, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa ambaye sasa aliishi kwa kazi ya kukaa mbele ya wasanii ili wamchore au wamfinyange. Kutokana na sura yake Cordier alitengeneza sanamu ya kichwa na mabega, na kuionyesha katika maonyesho ya Salon ya mwaka 1848. Aliiita Saïd Abdallah, wa kabila la Mayac, ufalme wa Darfur.

Mwaka huo una uzito wake. Tarehe 27 Aprili 1848 serikali mpya ya Jamhuri ya Ufaransa ilitoa amri ya kukomesha utumwa katika makoloni yake. Basi watu wa Paris waliomtazama Saïd Abdallah walikuwa wakimtazama mtu ambaye sheria ya nchi yao ilikuwa ndiyo kwanza inamtambua mfano wake kuwa huru. Sanamu yenyewe haina mnyororo wala magoti yaliyopigwa. Mtu huyu ameinua kichwa, amevaa vazi lenye mikunjo mizito, na uso wake umetulia kama uso wa mtu anayefikiri. Katika sanaa ya Ulaya ya wakati ule, ambapo mtu mweusi mara nyingi aliwekwa pembeni akibeba sinia au akishika farasi wa mwingine, kumpa sanamu ya peke yake kulikuwa jambo kubwa.

Msomaji wa Kiswahili hasiti hata kidogo mbele ya jina hilo. Said Abdallah ni jina la jirani yetu, la mwalimu wetu, la mtu tunayepanda naye basi. Linatuambia kwamba mtu huyu alikuwa na baba, na kwamba alitoka katika jamii ya Kiislamu iliyokuwa na ufalme wake. Darfur ilikuwa usultani kamili wakati huo, wenye watawala wake na njia zake za biashara hadi Misri. Jina peke yake linabeba historia yote hiyo.

Hata hivyo, jina hilo nalo halikukaa salama. Tayari kuna tofauti kati ya Seïd Enkess aliyeketi mbele ya msanii na Saïd Abdallah aliyeandikwa. Baadaye sanamu hiyohiyo ilijulikana pia kuwa ya mtu mweusi wa Timbuktu. Kati ya Darfur na Timbuktu kuna bara zima la Sahara na Saheli, watu tofauti, lugha tofauti na falme tofauti. Kwa mnunuzi wa Ulaya tofauti hizo hazikuwa na uzito. Timbuktu lilikuwa jina maarufu, na umaarufu huo ulitosha.

Kutoka mtu hadi aina

Mwaka 1851 Cordier alitengeneza sanamu ya mwanamke iwe jozi ya Saïd Abdallah. Ni kazi nzuri sana: nywele zimefumwa kwa uangalifu, macho yameelekea pembeni kidogo, na shingo ina mapambo. Lakini mwanamke huyu hakupewa jina lake wala la baba yake. Aliitwa Venus wa Afrika. Venus ni mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi wa kale, kwa hiyo jina hilo linamsifu kwa kipimo cha Ulaya na kumnyang'anya chake. Mwanamume alikuwa na ufalme, mwanamke akabaki na bara.

Jozi hiyo ilipata wanunuzi wa namna mbili. Katika Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851 Malkia Victoria wa Uingereza alinunua kazi ya Cordier. Kwake ilikuwa sanaa ya kupamba nyumba. Wakati huohuo Makumbusho ya Historia ya Asili ya Paris yaliagiza nakala za shaba kwa ajili ya ukumbi wa elimu ya mbari za watu, mahali ambapo mafuvu ya vichwa na vielelezo vya miili ya binadamu viliwekwa ili vipimwe. Huko ikawa ushahidi wa kisayansi. Shaba ilikuwa ileile, lakini sebuleni mtazamaji aliulizwa kama mtu huyu ni mzuri, na makumbushoni aliulizwa mtu huyu ni wa jamii gani. Hakuna aliyeuliza yeye ni nani.

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimlipia Cordier safari ya kwenda Algeria, nchi ambayo majeshi ya Ufaransa yaliivamia mwaka 1830. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sura za mbari mbalimbali alizokutana nazo. Huko alipata pia jiwe la oniksi, lenye michirizi ya rangi ya asali na maziwa, kutoka machimbo ya nchi hiyo. Alianza kuunganisha shaba na oniksi: uso na mikono vya shaba nyeusi, nguo za jiwe lenye mng'aro. Mtu mweusi aliyevaa mavazi ya Algeria, anayehifadhiwa leo katika Makumbusho ya Orsay, ni mfano wa sanamu hizo za kifahari. Kwa karne moja na nusu alijulikana kwa neno la mbari tu na neno Sudan, ambalo wakati huo lilitaja ukanda wote ulio kusini mwa Sahara, kuanzia bahari hadi bahari. Jiwe lililomvalisha na safari iliyomkutanisha na msanii vyote vilitokana na utawala wa kikoloni.

Tutende haki. Cordier hakuwa mtu wa kudharau watu aliowafinyanga. Mwaka 1862, akizungumza mbele ya Chama cha Anthropolojia cha Paris, alitetea wazo kwamba uzuri si mali ya mbari moja, na kwamba kila jamii ina uzuri wake ambao haupimwi kwa kuufananisha na wa Mzungu. Katika zama ambazo wataalamu wengi walizipanga mbari za watu kama ngazi, huo ulikuwa msimamo wa kijasiri. Lakini katika mazungumzo hayohayo alieleza njia yake ya kazi: alitazama watu wengi wa jamii moja, akalinganisha, akachukua sifa walizoshirikiana, kisha akaunda sura moja inayowakilisha wote. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Sura iliyokusanywa kutoka kwa watu wengi haiwezi kuwa na jina la yeyote kati yao. Njia iliyokusudiwa kuonyesha uzuri wa watu ndiyo iliyowaondolea utu wao binafsi.

Njia hiyo ilipotoka mikononi mwa msanii mwenye heshima na kuingia sokoni, hata ule utafiti wa nyuso ulitoweka. Hayo yanaonekana Vienna, mji mkuu wa Austria, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Karakana za huko, maarufu zaidi ikiwa ya Franz Xaver Bergmann, zilitoa vijisanamu vya shaba vilivyopakwa rangi baada ya kusubiwa, bila kuchomwa tena. Miongoni mwa vilivyopendwa ni Mwarabu anayesali juu ya zulia, muuza mazulia na mpanda ngamia. Vingine viliwekwa chini ya taa za mezani. Uso wa mtu katika kazi hizi ni mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Kinachomtambulisha ni kilemba, zulia na ngamia. Saïd Abdallah bila kilemba angebaki mtu, lakini Mwarabu wa Vienna akivuliwa kilemba hakuna kinachobaki.

Tervuren: Mwarabu wa dhahabu

Mtu akishakuwa aina inayotambulika kwa mavazi, ni rahisi kumpa sehemu katika hadithi ya kisiasa. Ubelgiji ulifanya hivyo, na hapa ndipo historia ya sanaa ya Ulaya inapokutana na historia ya Waswahili.

Mwaka 1897 Mfalme Leopold II alifanya maonyesho ya kikoloni Tervuren. Wakongo 267 walisafirishwa ili watazamwe na umma, na saba kati yao walifariki huko. Kwa maonyesho hayo mchongaji Charles Samuel alitengeneza sanamu ya Mtetela anayemlinda mwanamke dhidi ya Mwarabu. Ujumbe wake ulikuwa wazi: Kongo ilikuwa imeokolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa utumwa. Lakini mwaka huohuo wa 1897 askari Watetela walikuwa katika uasi dhidi ya Dola Huru ya Kongo, dola ya Leopold mwenyewe. Mtetela wa sanamu alipigana na Mwarabu, ilhali Mtetela wa kweli alikuwa amewageuzia bunduki maofisa wa Kibelgiji.

Makumbusho makubwa ya Tervuren yalifunguliwa mwaka 1910. Katika ukumbi wake wa mviringo ziliwekwa sanamu za shaba iliyotiwa dhahabu, kazi ya Arsène Matton, aliyekwenda Kongo mwaka 1911 kuchukua vielelezo vya plasta kutoka kwenye miili ya Wakongo. Baadhi zinaonyesha Ubelgiji ukiiletea Kongo ustaarabu, usalama na ustawi. Mojawapo inaitwa Utumwa, na mhusika wake mkuu ni mfanyabiashara wa watumwa wa Kiarabu, juu ya Wakongo walio mikononi mwake. Mpangilio huu ni hoja kamili. Mgeni aliyezunguka ukumbini alijifunza kwamba uovu una kilemba na wema una sura ya Kizungu.

Je, huyo Mwarabu alikuwa nani? Watu ambao Wabelgiji waliwaita Waarabu mashariki mwa Kongo walikuwa na asili nyingi. Walikuwamo wenye nasaba ya Oman, lakini wengi walikuwa Waswahili wa pwani, Wanyamwezi, na wenyeji wa Manyema waliofuata desturi za pwani. Wenyewe walijiita waungwana, au wangwana, na ndiyo sababu Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kiliitwa Kingwana. Nyangwe na Kasongo ilikuwa miji yao. Walileta mpunga, miembe, dini na lugha. Walileta pia bunduki, waliteka watu, na waliwachukua wengi utumwani. Yote haya ni kweli kwa pamoja, na sanamu ya Matton imechukua sehemu moja tu.

Maarufu kuliko wote alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip. Mwaka 1887, mjini Zanzibar, Stanley alifanya naye mapatano kwa niaba ya Leopold, naye akawa wali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kwa hiyo "Mwarabu" wa ukumbi wa dhahabu aliwahi kuwa mtumishi wa dola ya Leopold. Uadui ulikuja baadaye, pembe za ndovu zilipogombaniwa, na vita vya mwaka 1892 hadi 1894 vilimaliza utawala wa waungwana. Baada yao dola ileile iliwalazimisha Wakongo kuchuma mpira chini ya mateso ambayo ulimwengu mzima uliyasikia, hata mwaka 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Katika ukumbi wa Tervuren, uliofunguliwa miaka miwili tu baadaye, hakuna sanamu ya dhahabu ya mchuma mpira.

Ni lazima tuwe waangalifu hapa. Kuikosoa sanamu hii si kukanusha utumwa. Msomi anayesema kwamba wafanyabiashara wa pwani hawakuteka watu anaongopa kama anayesema kwamba Leopold alikuja kuokoa. Matton aliwapa Wakongo mtesi mmoja, ilhali walikuwa nao wawili, na wa pili ndiye aliyelipia sanamu.

Sanamu leo

Makumbusho ya Tervuren yalifungwa mwaka 2013 kwa ukarabati na kufunguliwa tena Desemba 2018. Sanamu za Matton hazikuondolewa, kwa kuwa ni sehemu ya jengo linalolindwa na sheria ya urithi. Msanii Mkongo Aimé Mpane aliweka katika ukumbi huo kichwa kikubwa cha mbao kinachokabiliana nazo, na baadaye, pamoja na Jean-Pierre Müller, walitundika mbele ya sanamu vitambaa vyepesi vyenye picha. Mtazamaji sasa anaona mambo mawili kwa wakati mmoja, ya zamani na jibu lake. Sanamu ya Samuel nayo imewekwa katika chumba cha kazi ambazo makumbusho hayazionyeshi tena kama sehemu ya maonyesho yake.

Paris wamechukua njia nyingine. Mwaka 2019 Makumbusho ya Orsay yalifanya maonyesho kuhusu watu weusi waliowakalia wasanii, na watafiti wakatafuta majina yao katika nyaraka. Mchoro wa Marie-Guillemine Benoist wa mwaka 1800, uliojulikana muda mrefu kwa neno la mbari tu, ulionyeshwa kwa jina la mwanamke mwenyewe, Madeleine. Wapo waliopinga wakisema kubadili majina ni kufuta historia. Lakini majina hayo ya zamani mara nyingi hayakutolewa na aliyechorwa, na kama tulivyoona kwa Saïd Abdallah, wenye sanamu waliyabadilisha walipotaka. Kinachofaa ni kuandika yote mawili: jina la mtu, na jina alilobandikwa pamoja na tarehe na aliyelibandika.

Hitimisho

Tumeona kwamba shaba ileile iliweza kuwa picha ya mtu huru wa Darfur, pambo la malkia, kielelezo cha mbari na, katika mikono mingine, hati ya mashtaka. Kilichobadilika kila mara ni maneno yaliyoandikwa chini, na mahali sanamu iliposimama. Mwanafunzi wa historia anayesifu au kulaani sura peke yake hajaisoma sanamu yote.

Kwa upande wetu ipo kazi ya kufanya. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufariki Zanzibar mwaka 1905. Hakujificha, anasimulia biashara yake, vita vyake na mapatano yake na Wazungu, kwa maneno yake na kwa faida yake. Kitabu hicho nacho kinahitaji kuhojiwa, kwa kuwa watu aliowateka hawakupata nafasi ya kuandika. Lakini kinatuwezesha kuweka sauti ya mtu mwenye jina mbele ya Mwarabu wa dhahabu asiye na jina, na kuona ni wapi vinapatana na ni wapi vinapingana. Wanahistoria wengi wa sanaa wanaoandika kuhusu Tervuren hawawezi kukisoma katika lugha yake. Sisi tunaweza, na ingefaa kitabu hicho na picha ya sanamu hiyo viwekwe mezani pamoja katika darasa moja.